Mchango wa Neema

Kikundi: UKOO WA KIRUMBA
Jumatano

18:42 Mama Neema: Jamani habari za jioni. Nawakumbusha mchango wa safari ya mtoto wetu Neema, amepata kazi ya kufundisha Korea. Tunatakiwa tufikishe 1,850,000 kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Mpaka sasa iko 1,120,000. Mungu awabariki waliokwisha tuma.

18:44 Shangazi Kabula: Wifi laki mbili yangu ilifika? Mtandao wa huku Nansio leo unayumba kama mtumbwi.

18:45 Mama Neema: Ilifika wifi, wabeja sana.

18:47 Shangazi Kabula: Ila hii Korea ni ipi? Maana kuna ile ya mabomu.

18:47 Dotto: 😂😂 Hiyo ni ya kaskazini shangazi. Neema anaenda ya kusini, ya tamthilia.

18:51 Mjomba Masanja: Nawasalimu wote. Naona watoto wa siku hizi utani kwanza, shikamoo baadaye. Katika ukoo huu wengi wetu safari ya kuvuka maji ilikuwa kivuko cha Kamanga. Leo binti anakwenda Asia kufundisha Kiingereza. Kesho naongeza elfu hamsini.

18:52 Dotto: Shikamoo baba 🙏

19:03 Kulwa: Shikamoo baba, shikamooni shangazi zangu. Nilikuwa kazini, ndiyo nasoma sasa. Neema, hilo tangazo uliliona wapi? Liweke hapa tulione.

19:06 Neema: Kwenye mtandao mmoja wa matangazo madogomadogo ya kazi kaka. Liko kwa Kiingereza, nawatafsiria wazee:
"Walimu wa Kiingereza wanahitajika haraka, Seoul. Uraia wowote. Uzoefu si lazima. Hakuna usaili. Mshahara dola 3,200 kwa mwezi, nyumba ya bure, tiketi tunalipa sisi. Mwombaji atalipia viza tu, dola 700. Nafasi 4 zimebaki."

19:07 Shangazi Kabula: Dola elfu tatu kwa mwezi?? Huku mtu anavua mwaka mzima.

19:10 Kulwa: Neema mdogo wangu, umelipa chochote mpaka sasa?

19:10 Neema: Kwa nini?

19:14 Kulwa: Maneno mawili hapo yamenishtua. "Uraia wowote." Viza ya kufundisha lugha Korea Kusini inaitwa E-2. Kwa Kiingereza, wanaoipata kwa kawaida ni raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Na hao wa nchi saba nao wanadaiwa shahada na cheti cha polisi cha tabia njema, vyote vimethibitishwa. Sasa huyu anayechukua uraia wowote bila usaili viza anaitoa wapi?

19:15 Dotto: Labda aolewe na Mkorea

19:16 Kulwa: Unatania lakini ni kweli. Aliyeolewa huko anakaa kwa viza nyingine na anaruhusiwa kufundisha. Hilo siyo lililoandikwa hapo.

19:19 Neema: Kaka, mimi nina shahada ya ualimu, somo langu ni Kiingereza. Nina cheti cha TEFL, kile cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, cha saa 120 nimekisomea usiku kwa bando langu mwenyewe. Miaka mitatu naomba ajira serikalini, nafundisha kwa laki mbili na nusu hapa Igoma. Leo nimepata, ndiyo mnaona siwezi?

19:21 Kulwa: Hakuna anayesema huwezi. Kiingereza chako kimenipita mimi, na mimi nimekula mshahara wa Kiingereza. Tatizo ni pasipoti. Wale hawaangalii unavyoongea, wanaangalia jalada lina nembo gani.

19:26 Mjomba Masanja: Hapo nimekwama kidogo. Mimi nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja. Wanafunzi wangu wengine leo ni mawakili. Kwa hiyo kijana wa miaka ishirini na mbili kutoka Australia, aliyesomea mambo ya mifugo, ndiye mwalimu wa Kiingereza, mimi siyo?

19:27 Kulwa: Kwa karatasi zao ndivyo ilivyo baba. Shahada yake inaweza kuwa ya kitu chochote.

19:28 Mjomba Masanja: Ajabu.

19:28 Shangazi Kabula: Na Afrika Kusini wameingiaje? Si weusi wenzetu?

19:31 Kulwa: Wamehesabiwa kwamba Kiingereza ni lugha ya nyumbani kwao. Mkenya na Mnigeria aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea hahesabiwi. Siyo haki, ila konsula hahitaji ugomvi wetu, anataka fomu.

19:40 Dotto: Nimefanya uchunguzi hapa dukani, mteja ananisubiri na simu yake iliyoingia maji 😅 Ile picha ya shule aliyotumiwa Neema nimeitafuta kwa picha. Ni shule kweli, ila ipo Kanada. Halafu nimechukua sentensi moja ya tangazo nikaitafuta neno kwa neno. Lipo lilelile Hanoi, lipo Prague, lipo Dubai. Mji tu umebadilishwa. Kote "nafasi 4 zimebaki".

19:41 Dotto: Hanoi limekaa tangu mwaka jana na bado zimebaki 4

19:43 Neema: Lakini mkataba walionitumia una muhuri.

19:44 Dotto: Neema. Mimi nikitoka hapa nikavuka barabara nakuchongea muhuri wa ofisi yoyote unayoitaka, na unasubiri ukinywa soda.

19:58 Kulwa: Naomba niandike kirefu, baba unisamehe. Mnakumbuka nilivyoenda Thailand mkaniaga na kuku wawili? Niliporudi nilisema mkataba uliisha. Haukuisha, kwa sababu haukuwepo.

Na mimi niliona tangazo, tena lilikuwa la kweli. Shule ilikuwepo, watoto walikuwepo, hamsini darasa moja. Wakala akaniambia "ingia na viza ya utalii, tutaibadilisha ukiwa huku". Utaratibu wenyewe unataka viza ya kazi, wanaiita Non-Immigrant B, halafu kibali cha kazi, halafu baraza lao la walimu likuruhusu usimame darasani. Asiyetoka zile nchi za Kiingereza anadaiwa pia matokeo ya mtihani wa lugha, mara nyingi TOEIC. Mimi nilikuwa na shahada tu na viza ya mtalii.

Kila viza ilipokaribia kuisha nilipanda basi hadi mpakani, natoka, naomba kurudi. Mshahara walinilipa miezi miwili. Mwezi wa tatu nikaambiwa wazazi wanalalamika wanataka "mwalimu anayefanana na wa kwenye bango". Mwezi wa nne sikuuliza tena, maana ningemshtaki nani? Kwenye karatasi za serikali mimi nilikuwa mtalii. Tiketi ya kurudi alininunulia Mcameroon mmoja tuliyekaa naye chumba, na nilimaliza kumlipa deni mwaka juzi.

20:00 Mama Neema: Kulwa mwanangu. Hukusema.

20:01 Kulwa: Nilikula kuku wenu wawili shangazi. Ningeanzia wapi.

20:03 Mjomba Masanja: Tutaongea mimi na wewe.

20:04 Kulwa: Ndiyo baba.

20:07 Kulwa: Na mimi nilipata nafuu. Wapo walioitikia matangazo ya kazi Thailand, wakapokelewa uwanja wa ndege vizuri tu, gari likawapeleka mpaka Mae Sot, mji wa mpakani, wakavushwa mto. Ng'ambo ni Myawaddy, Myanmar. Wakafungiwa kwenye majengo ya kutapeli watu mtandaoni, anayekataa anapigwa. Februari 2025 walipotolewa maelfu, walikuwemo Waethiopia, Wakenya, Waganda. Wenzetu hawa hawa.

20:08 Shangazi Kabula: Yesu wangu.

20:12 Neema: Sasa kaka, ina maana matangazo yote ni uongo? Walimu wangapi wamepata kazi humo humo.

20:18 Kulwa: Siyo yote. Huyo Mcameroon alipata kazi nzuri kwa tangazo. Craigslist, ule mtandao wa matangazo madogomadogo, ipo tangu 1995, ule ubao wa walimu wa Dave's ESL Cafe nao tangu 1995, na watu wamesafiri kwa hayo. Ila ubao wa matangazo ni kama nguzo ya umeme pale stendi ya Nyegezi. Huyu kabandika chumba cha kupanga, huyu mganga, huyu anauza kiwanja Buhongwa. Nguzo haina habari na yeyote.
Tangazo la kweli linakusumbua. Linataka shahada, linataka wakuone kwenye video, mara nyingine ufundishe somo la dakika kumi wakikutazama. Linataja shule kwa jina, ukipiga namba ya shule yenyewe, siyo ya wakala, wanakujua. Na wakala anayeeleweka analipwa na shule, siyo na wewe.

20:20 Mjomba Masanja: Hata hapa nyumbani, wakala wa kupeleka watu kazi nje anatakiwa awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Huyu mmemwuliza leseni?

20:21 Neema: Anasema ofisi kuu iko Seoul.

20:22 Dotto: Namba yenyewe inaanzia 07 😐

20:25 Kulwa: Neema mwulize maswali mawili tu. Viza ni ya aina gani, na unaomba kuongea na mwalimu mkuu kwa video leo.

20:26 Neema: Namwandikia.

20:31 Neema: Amejibu. "Ni viza maalumu ya walimu wa Afrika. Ukilipa leo usiku unapunguziwa dola 100."

20:31 Dotto: Viza ina ofa 😂 kama sabuni

20:33 Neema: Nimemwambia Tanzania haimo kwenye E-2.

20:34 Neema: Anasema Tanzania imeongezwa juzi.

20:36 Neema: Nimemwomba video na mwalimu mkuu.

20:41 Neema: Picha yake ya profaili imepotea. Ujumbe una tiki moja.

20:42 Dotto: Kakubloku.

20:50 Shangazi Kabula: Jamani mbona kimya

20:52 Mama Neema: Nina jambo la kusema. Kuna laki tatu nilishamtumia wiki iliyopita, ya kufungua faili. Nilikopa kwenye kikoba cha akina mama wa soko la Mwaloni. Sikumwambia hata Neema. Wakati wa kutuma lilitokea jina la mwanamke nikamwuliza, akasema ni mhasibu wao.

20:53 Neema: Mama!!

20:54 Mama Neema: Nilitaka uende mwanangu.

20:57 Dotto: Shangazi usifute ujumbe hata mmoja. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, uwaambie muamala ni wa utapeli na uwatajie namba ya kumbukumbu. Hela inaweza kuwa imeshatolewa lakini ripoti. Halafu ile meseji aliyokuelekeza kulipa itume kwenda 15040, ile namba ya kuripoti matapeli. Asubuhi napita kukuchukua na pikipiki twende polisi ukapate RB, ile namba ya taarifa yako.

20:59 Kulwa: Neema, pasipoti ulimtumia pia?

20:59 Neema: Kurasa zote. Na vyeti vyangu.

21:01 Kulwa: Basi hilo nalo liandikwe polisi, isije siku moja mtu akatumia jina lako kutapeli wengine.

21:06 Mjomba Masanja: Mchango usimame. Dada, iliyobaki ni kiasi gani mkononi?

21:07 Mama Neema: Ile 1,120,000 ipo yote kaka. Laki tatu ilikuwa ya kwangu pembeni.

21:10 Shangazi Kabula: Laki mbili yangu msinirudishie. Ipelekeni kikoba, nyingine watatoa wengine. Wale kina mama wa dagaa nawajua, watamwimbia wifi soko zima.

21:11 Mjomba Masanja: Na hamsini yangu ya kesho iende huko.

21:15 Kulwa: Neema, nimekumbuka kitu, siyo cha kukufariji. Kuna mpango wa Marekani unaitwa Fulbright FLTA. Wanachukua walimu vijana wa Kiingereza kutoka nchi mbalimbali, wanakaa mwaka mmoja wa masomo chuoni kule wakisaidia kufundisha lugha ya kwao. Watanzania wamewahi kwenda. Kuomba ni bure, nafasi zikitoka hutangazwa na ubalozi wao Dar. Ushindani ni mkali, nakwambia mapema.

21:16 Shangazi Kabula: Lugha ya kwao ipi?

21:16 Kulwa: Kiswahili shangazi.

21:18 Shangazi Kabula: Yaani Mmarekani analipa nauli ya ndege mtu akamfundishe kusema "habari za asubuhi"? Mimi ningeenda kesho.

21:18 Dotto: Shangazi Kiswahili chako cha Ukerewe watarudi wanaongea Kikerewe 😂

21:20 Neema: Nitausoma kaka. Siyo leo. Kesho saa mbili nina kipindi cha darasa la tano na sijasahihisha madaftari. Usiku mwema.

21:21 Mama Neema: Neema fungua mlango. Nimesimama hapa nje na sahani, sato anapoa.

21:24 Dotto: Kama hali nakuja mimi

21:25 Mama Neema: Kafungua.