Naomba ushauri: mahindi matamu yangu yana mapengo

Assalamu alaykum wenzangu. Niko Makunduchi, Unguja, kiwanja changu ni maweni matupu, udongo unaupata kwenye vishimo tu. Masika hii nilipanda mahindi matamu, mashina 18, mstari mmoja kando ya ukuta. Nilitaka yapendeze, na kweli yalipendeza! Mbelewele (yale maua ya juu yenye chavua) zilipotoka, upepo wa kusi ulishashika kasi. Sasa nikimenya hindi nakuta punje tatu hapa, nne kule, kama meno ya bibi yangu, Mungu amrehemu.

Jirani anasema kosa ni ule mstari mmoja. Muhindi huchavushwa na upepo, na chavua yangu yote imepeperukia barabarani badala ya kuangukia ndevu za hindi. Ananambia nipande kwa mraba, mistari minne kwa minne. Naona ana haki, ila yeye mwenyewe ana mahindi ya kawaida hatua 30 tu kutoka kwangu, na chavua yake ikiingia, yangu hupoteza utamu. Nipishane naye kupanda wiki ngapi? Au nitikise mbelewele kwa mkono asubuhi?

Na viwavi wanaojificha katikati ya majani machanga, majivu yanatosha kweli? Vuli haiko mbali.