Elite Dangerous: wametunyang'anya macho, wametupa redio ya kutafutia stesheni

Wakuu salaam.

Nimevumilia mabadiliko ya gemu hili la anga mwezi mzima, tangu toleo la Desemba 2018. Nilijiambia ni ugeni tu, mkono utazoea, tulipe muda. Muda nimeutoa, sijazoea, na sasa sitaki tena kuzoea. Ni saa nane usiku hapa Chumbageni, Tanga. Chombo changu nimekisimamisha karibu na nyota moja ya manjano, zaidi ya miaka ya nuru 9,000 kutoka nyumbani, na hamu ya kuendelea imeniisha. Leo nasema yote.

Kwa wasiolicheza, kwa ufupi. Gemu lilitoka Desemba 2014. Ndani yake watengenezaji wameijenga galaksi yetu kwa ukubwa wake halisi, mifumo ya nyota kama bilioni 400, na sehemu kubwa mno haijafikiwa na mchezaji yeyote. Wapo wanaofanya biashara, wapo wanaopigana, wapo maharamia. Sisi wengine tuna kazi moja tu: kwenda. Unachota mafuta kwenye nyota, unaruka, unachunguza, unaruka tena, wiki, miezi, halafu unarudi kituoni kuuza ulichokiona. Ukifa njiani vyote vimekwenda na maji. Ukifika salama, na kama wewe ndiye wa kwanza, jina lako linaandikwa kwenye ile sayari na kila atakayepita baadaye atalisoma.

Tarehe 11 Desemba 2018 wakatoa toleo jipya na kugeuza uvumbuzi wote juu chini. Hapo ndipo penye uzi huu.

Nianze na ilivyokuwa, maana naona wageni humu wanapongeza kitu wasichojua kimechukua nafasi ya nini. Kulikuwa na skana tatu za kugundulia. Ndogo iliishia sekunde za nuru 500 (sekunde ya nuru ni umbali ambao mwanga unakwenda kwa sekunde moja), ya kati 1,000, na kubwa haikuwa na mwisho. Hiyo kubwa bei yake ilikuwa krediti 1,545,000, pesa za humo ndani ya gemu, na mimi niliipata kwa kubeba mizigo usiku baada ya usiku, kituo hiki kwenda kile, hadi nikaona kama nimeajiriwa. Siku niliyoifunga kwenye chombo nilikuwa na furaha ya mtu aliyenunua mashua yake mwenyewe.

Ukiingia kwenye mfumo unashikilia kitufe na chombo kinapiga honi, mlio mzito kama wa meli inayoomba kuingia bandarini. Palepale ukifungua ramani unaviona vyote. Maelezo huna bado, hujui kuna madini gani wala hewa gani. Lakini maumbo unayaona. Nyota imekaa pale, sayari zimejipanga mstari, miezi imening'inia chini ya mama zao. Hii ya bluu. Hii ina mkanda. Hii ndogo ya kahawia imejificha peke yake mwisho kabisa. Wakongwe walisoma hata kwa sikio, kwa sababu ukiigusa sayari kwenye ramani inatoa sauti yake, na ile inayofanana na Dunia ina sauti ambayo ukishaijua huisahau.

Kisha unachagua. Hilo ndilo neno. UNACHAGUA. Halafu unaelekeza pua na kwenda, dakika tano, dakika kumi, hadi nukta inakuwa duara na duara linajaza kioo, ndipo skana ya pili inakuambia umefika kwa nani.

Mpwa wangu ana miaka tisa. Ijumaa na Jumamosi analala kwangu, na kwa miezi saba ndiye alikuwa mwenzangu wa safari. Mimi napiga honi, yeye anachagua. Anapanda kwenye kiti cha plastiki pembeni yangu, anasogeza uso mpaka pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo, halafu anaweka kidole. Kidole kina kashata. Kioo kile nimekifuta mara nyingi sana. "Ile pale, Mjomba, ile iliyojificha." Hajui thamani yake, hajui aina yake, anajua imemvutia. Basi tunakwenda. Usiku mmoja mwezi wa kumi alichagua kitu ambacho mimi peke yangu nisingekigusa, kimwezi cha kahawia kisicholipa chochote cha maana. Tukaenda. Tukakuta kinazunguka karibu kabisa na pete za sayari yake, kiasi kwamba tulipotua, pete zilikuwa zimesimama kutoka upeo huu hadi upeo ule kama ukuta wa mwanga. Mtoto hakusema kitu. Alishuka kwenye kiti, akasogea nyuma hadi mlangoni ili aione yote kwa pamoja.

Kimwezi kile kina jina langu. Lakini aliyekigundua ni yeye, kwa macho yake.

Sasa nisikilizeni ilivyo leo. Unaingia kwenye mfumo, unapiga honi, hiyo wameibakiza. Unafungua ramani. Nyota, basi. Kwingine kutupu. Chombo kimeshajua vipo vitu vingapi, kinakutajia hata idadi, lakini kukuonyesha hakikuonyeshi. Wahenga walisema macho hayana pazia, hawa wamelitundika.

Ukitaka kuona, upunguze mwendo hadi sifuri. Soma tena hapo: mvumbuzi, ili avumbue, asimame. Unafungua kifaa kipya cha kuskani, dirisha lako lote linapotea, nyota zinapotea, unabaki na giza la kibluu lenye viduara vinavyopepesa, na chini mstari wa masafa wenye miinuko. Mawe madogo upande mmoja, majitu ya gesi upande wa pili. Unazungusha masafa hadi yakae sawasawa, unalenga kiduara, unavuta. Ukikosea kidogo huambulii kitu. Ukipatia, picha inakuja, kengele inalia, jina lako tayari. Unarudi nyuma. Unazungusha. Unalenga. Unavuta. Mfumo ukiwa na vitu 50 utafanya hivyo mara nyingi mpaka kidole gumba kife ganzi, na muda wote huo umeegesha mlangoni karibu na nyota, hujasogea hata hatua.

Ni redio ya mkulima, wakuu. Ile ya kuzungusha kitufe ukitafuta stesheni mpira unachezwa. Mzee wangu alikuwa nayo, nakumbuka ule mkwaruzo. Sikununua chombo cha anga ili nirudi kwenye ule mkwaruzo.

Na mzee wangu huyohuyo ni mvuvi. Hatoki pale Deep Sea alfajiri kabla hajasimama kuitazama bahari: maji yana rangi gani, ndege wanazunguka wapi, povu linavunjika upande gani wa mwamba. Anaweza kusimama hapo muda mrefu na usidhani anafanya kazi. Ndiyo kazi yenyewe. Kilimia pia alinionyesha yeye, nikiwa mdogo, kwa kidole, kundi lile la nyota ambalo wakulima wanalitumia kujua mvua. Nilipoanza gemu hili safari yangu ya kwanza ya mbali ilikuwa hukohuko Kilimia, karibu miaka ya nuru 400, kwa sababu niliwahi kuonyeshwa. Mtu huendea alichokiona. Ukimfungia ramani, atakwenda wapi? Ataruka tu mbele.

Na ndicho ninachokifanya sasa. Naingia, napiga honi, nachungulia ule mstari wa masafa kama kuna mwinuko unaolipa, kama haupo naruka. Waja leo waondoka leo. Sisi wa Tanga msemo huo tunausema kwa kujivunia mji wetu, lakini huko angani umekuwa msiba. Nimepita mifumo mia na kitu mwezi huu na siwezi kuwaelezea hata mmoja. Ya mwezi wa kumi naweza kukaa hapa hadi adhuhuri nikiwasimulia.

Kuna hili la majina, nalo linanichoma. Zamani jina kwenye sayari lilikuwa na maana moja: mtu huyu alifika hapa. Alielekeza pua, akala dakika zake, akakaribia hadi akaiona. Leo unakuta jina la mtu kwenye mwezi ulio sekunde za nuru 200,000 kutoka kwenye nyota, na aliyepewa jina hakuwahi kuondoka mlangoni. Kwangu hiyo ni kupokea salamu kwa simu na kusema umekwenda kuhani msiba.

Najua mtakachojibu, maana nimeshakisoma mara nyingi. Kwanza, kwamba zamani ilikuwa inachosha, unakimbia sekunde za nuru laki tatu kufuata mpira wa barafu. Ndugu yangu, nani alikulazimisha? Uliuona kwenye ramani kuwa ni mpira wa barafu, uko mbali, ukauacha. Ramani ndiyo iliyokupa uhuru wa kuuacha. Wapo watu wanaokwenda kituo cha Hutton Orbital pale Alpha Centauri, safari ya zaidi ya saa nzima kwa mwendo ule, 0.22 ya mwaka wa nuru, na wanafanya kwa mapenzi yao na kujisifu wakifika. Umbali haujawahi kuwa adui wa mvumbuzi.

Pili, kwamba nachukia mabadiliko. Uongo. Katika toleo hilihili wameleta vichunguzi vya kurusha, na navipenda kweli. Unaifuata sayari mpaka karibu, unavirusha kimoja kimoja, vinajipinda na mvuto na kwenda kuangukia upande wa nyuma usiouona, na uso wote unachorwa. Kuna ufundi wa kuifunika sayari kubwa kwa vichunguzi vichache, na nikipatia nasimama kwenye kiti. Kuna malipo yake na kuna jina lake la pili, la aliyeichora wa kwanza. Safi kabisa. Hapo umekwenda, umefanya kwa mkono, umestahili. Kwa hiyo watu wale wale wanajua kutengeneza kitu kizuri. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa.

Tatu, kwamba redio hiyo ina wapenzi wake. Najua, na sina ugomvi nao. Wapo wanaojua sauti ya kila mwinuko kwa kusikia tu, na wanaona raha. Waendelee. Mimi nauliza hivi: kwa nini ile ya zamani iliondolewa kabisa? Ingebaki dukani kwa bei ileile. Ingechukua nafasi yake kwenye chombo kama ilivyokuwa ikichukua, anayeitaka aibebe, aitoe sadaka nafasi ya kitu kingine. Wakati wa majaribio kabla ya toleo, wavumbuzi waliliomba hilo kwa adabu, wengine wana miaka minne barabarani, wameshafika Beagle Point upande wa pili wa galaksi na kurudi. Hawakusikilizwa. Watu wanaoijua njia wanasema mlango huu usiufunge, na mlango unafungwa.

Na muda wenyewe walioufunga! Tarehe 13 mwezi huu wa Januari 2019 msafara wa Distant Worlds 2 unaondoka kwenda hukohuko Beagle Point, maelfu ya watu, safari ya miezi. Nilikuwa nimejiandikisha. Sasa napiga hesabu ya miezi ya kuegesha mlangoni na kuzungusha kitufe, kila usiku, huku bando linaliwa maana gemu hili bila intaneti haliwaki hata ukicheza peke yako, na nashindwa kujishawishi.

Ninachotaka ni kidogo. Warudishe skana kubwa kwa anayeitaka. Kama hilo ni zito, basi baada ya honi ramani ionyeshe maumbo, hata vivuli vyeusi visivyo na rangi, bila malipo, bila jina. Nione tu kwamba kuna kitu kimejificha mwisho kabisa. Redio ibaki ya kupatia maelezo. Hapo kila mmoja ana chake.

Nyongeza, saa tisa na nusu: Nimeona majibu ya haraka. Mkuu uliyesema nifute gemu nikacheze la mpira, mimi na wewe hatujafikia huko, tuheshimiane. Kaka wa Bagamoyo, asante. Ulilosema kwamba mkeo alikuwa anachagua sayari na sasa hakai tena na wewe, limenifanya nijione siko peke yangu.

Na kwa aliyeuliza mpwa wangu anasemaje: alijaribu. Ijumaa ya kwanza baada ya toleo alipanda kwenye kiti chake, nikapiga honi, nikafungua ramani. Akaangalia ile nyota moja. "Vingine viko wapi?" Nikamwambia subiri, na nikaanza kuzungusha. Kufika kitu cha nane alikuwa amelala, kashata mkononi.

Ijumaa hii anakuja tena. Nimeambiwa na mkongwe mmoja humu kwamba bado kuna njia: uache ile redio, uende mwendo wa pembeni kwa kasi, utazame dirishani kwa makini. Nyota za mbali hazisogei. Sayari iliyo karibu inasogea kidogo mbele yao, nukta moja kati ya nukta elfu. Ukiiona unaielekea, na ukikaribia vya kutosha chombo kinaitambua chenyewe, redio au hakuna redio. Nimejaribu sasa hivi kwenye mfumo huu wa nyota ya manjano. Imenichukua dakika ishirini na mbili na macho yanawasha, lakini nimeipata moja.

Nimeiacha, sijaikaribia. Ijumaa nitamwambia ipo, bila kumwonyesha ni ipi.