Hivi kila anayelala nje ni teja?

mama_wawili: Wakuu habari zenu. Wiki iliyopita nilikuwa Kariakoo saa 11 alfajiri nasubiri daladala, kuna kijana akaamka kwenye baraza la duka, akakunja boksi alilolalia vizuuri akalichomeka nyuma ya nguzo, akatoa mswaki kwenye mfuko wa shati. Mimi hapo hapo nikahamisha pochi bega la pili, akaniona. Akasema taratibu, dada usiogope, nawahi kushusha mizigo. Aibu niliyoipata haijaniisha mpaka leo. Kwa waliowahi kulala nje, hivi mnatuonaje sisi?

Kijana wa Mbagala: Dada yangu mimi nimelala nje kama miezi minne nilipokuja Dar, ndugu aliyeniita aliacha kupokea simu. Mbu unazoea, baridi ya alfajiri unazoea, ila kuhamishiwa pochi huzoei. Usiku nikiona mama anatembea peke yake mbele yangu nilikuwa nasimama kwanza afike mbali, asije akadhani namfuata, yaani unaanza kujiogopa mwenyewe. Na kila mtu anakuita teja wakati mimi hata sigara sijawahi kuvuta.

Mkweli77: Poleni, lakini mateja wapo na simu zinakwapuliwa. Mimi nimeibiwa mwaka jana. Mtu akishika pochi yake vizuri kosa liko wapi?

wakala_wa_haki: Pole mkuu, ila aliyekuibia ulimuona analala barazani au umehisi tu? Manake hata sheria ina mawazo hayo hayo, Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa mkoloni ina kosa la uzururaji, mtu anakamatwa kwa vile anaonekana hana kazi wala pa kukaa, hajagusa cha mtu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iko hapo Arusha tu, ilishatoa maoni tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika, lakini mtaani nani anajua?

Kijana wa Mbagala: Dada ukimkuta tena msalimie tu kama unavyomsalimia mtu yeyote. Kuna mama muuza uji alikuwa ananiita "baba" kila asubuhi mbele ya wateja wake, kikombe ananipa kilekile cha wote, hela nalipa nikishapata kibarua. Nilipopata chumba, yeye ndo mtu wa kwanza niliyemwambia.