Sufu imegeuka mkeka ndani ya sufuria, nimekosea wapi?

mlima_suam, Jumanne usiku

Habari za jioni wandugu. Niko Bukwo, Uganda, upande wa juu kabisa, kule ambako jua likizama hata Januari mtu anatafuta koti. Mwaka juzi shemeji yangu wa ng'ambo ya mto Suam alinilipa deni kwa kondoo watano wa sufu. Si hawa wetu wa mkia mnene. Hawa wamefunikwa manyoya yaliyojikunja hadi machoni, na shemeji anasema ni machotara wa Corriedale, aina ya kondoo wa sufu.

Jumamosi nikaamua kumnyoa mmoja. Nilitumia mkasi wa fundi cherehani, mke wangu akashika miguu. Tulihangaika kwa muda wa karibu saa mbili, na kondoo aliposimama alikuwa na ngazi ngazi mwili mzima kama shamba lililolimwa na ng'ombe mwenye wazimu. Mzani wa kahawa ukasema kilo 2 na nusu. Tukafurahi.

Nikaishindilia sufu kwenye gunia la mahindi. Jumatatu nikachemsha maji kwenye sufuria kubwa ya harusi, nikamwaga sabuni ya unga ya kufulia, nikatumbukiza yote, nikakoroga kwa mwiko wa posho kama dakika ishirini. Uchafu uliotoka ni balaa. Kisha nikasuuza kwenye kijito, na maji ya kijito chetu mnayajua, yanatoka mlimani.

Nilichotoa ni kitu kimoja! Kimeshikana, kizito, huwezi kuchomoa hata unyoya mmoja. Mke wangu amekikunja mara mbili akakikalia jikoni, anasema ni kiti kizuri kuliko vyote nilivyowahi kumnunulia.

Bado nina kondoo wanne hawajanyolewa. Nimekosea wapi? Na je, kuna pesa humu au nile nyama tu?

kijana_malaba

Mzee, kula nyama. Sokoni Mbale mabonge ya sufu yamejaa, rangi zote, bei ya soda. Kwa nini uhangaike na mwiko?

dada_saluni_mbale

Wewe wa Malaba, subiri kidogo. Hiyo tunayoiita "sufu" sokoni, ninayosukia watu nywele kila siku, haijawahi kumwona kondoo. Ni akriliki, plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Chukua kipande ukichome kwa kiberiti uone. Akriliki inawaka, inayeyuka, inadondosha tone jeusi ambalo likipoa linakuwa gumu kama shanga (na likikudondokea kidoleni utanikumbuka). Sufu ya kweli inaungua polepole, ukiondoa moto inazimika yenyewe, inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake ukiyabana kwa vidole yanasagika. Nimeuziwa sweta za mtumba zilizoandikwa sufu tupu zikashindwa jaribio hili. Siku hizi navuta nyuzi mbili kutoka kwenye mshono wa ndani na kiberiti ninacho mkobani, wauzaji wanione kichaa.

Swali la mzee wa Bukwo lenyewe silijui. Kuna mama wa Kapchorwa humu ndani, atakuja.

bibi_wa_pia, Jumatano asubuhi

Nimekuja.

Mwanangu wa Bukwo, pole, na hongera pia. Ulichotengeneza kina jina, kinaitwa felti. Wafugaji wa Mongolia wanaitengeneza makusudi, wanaizungushia mahema yao na wanalala ndani baridi ikiwa kali kuliko ya kwako na ya kwangu. Usiitupe. Kata nyayo za kuweka ndani ya gambuti, na kinachobaki ni tandiko la punda.

Mimi ni mzaliwa wa Kapchorwa lakini kazi hii niliijulia upande wa Molo, Kenya, miaka ya 1980, kwenye shamba la kondoo. Misimu saba ya kunyoa kwa mkasi wa mkono. Mgongo wangu bado unaikumbuka yote saba.

Tuanze na sufuria maana ndiyo inayokuuma. Unyoya wa sufu una magamba madogo sana, yamelaliana kama ya samaki ngege, yote yakitazama upande wa ncha. Maji ya moto na sabuni kali vinayainua. Ukikoroga, kila unyoya unatambaa kuelekea upande mmoja tu kwa sababu magamba hayauruhusu kurudi, na unanasa kwa jirani yake. Ukaja kuipigisha maji ya barafu ghafla, ikakaza kabisa. Ulifanya yote matatu, mwanangu. Hata fundi wa felti asingekufundisha zaidi.

Moto wenyewe haukuwa kosa. Sufu ina mafuta yake, yale ambayo viwandani wanayatengenezea krimu za midomo, nayo hayayeyuki mpaka maji yafike karibu nyuzi 40. Kwa hiyo anayekwambia fua kwa maji baridi anakudanganya. Utatoa jasho na udongo, mafuta yatabaki na mikono itanata wiki nzima. Mimi nataka maji ya nyuzi 60 hivi. Kipimajoto sina. Nikitumbukiza mkono nikashindwa kuhesabu mpaka tatu, yamefika.

Sabuni iwe ya kuoshea vyombo, ile ya maji, au sabuni ya mche iliyoparuzwa ikayeyushwa kabla. Ya unga ya nguo ina magadi mengi na magadi yanaila sufu. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ndiyo usiiguse kabisa, inayeyusha sufu kama sukari. Nililoweka soksi moja usiku nikakuta ukingo wa mpira tu asubuhi.

Sasa chukua ile mifuko ya neti ya vitunguu, jaza sufu nusu mfuko, usishindilie. Zima moto au teremsha sufuria, izamishe kwa kuibonyeza taratibu, uende ukapike chai. Hakuna kukoroga! Dakika kumi na tano, toa kabla maji hayajapoa, maana yakipoa mafuta yanarudi kulalia sufu. Rudia mara ya pili kwa maji mapya ya joto lilelile, kisha suuza mara mbili, joto lilelile. Maji ya mvua ni bora, yana povu na hayaachi utando. Anika kivulini juu ya wavu ili upepo upite chini. Kilo 2 na nusu yako ikitoka hapo na kilo moja na nusu usilie, hukuibiwa. Hayo mengine yalikuwa mafuta, jasho na udongo wa Bukwo.

Lakini hata ungeosha vizuri, sufu yako ilikwisha haribika kwenye mkasi. Hilo ndilo lililonifanya niandike barua ndefu hivi. Uliponyoa ngazi ngazi, ulirudia kupita palepale mara ya pili kusawazisha, sivyo? Basi ule unyoya mrefu umekuwa vipande viwili vifupi, na kipande kifupi hakishiki kwenye uzi, kinatoka vipele vipele hadi sweta ichakae. Ukiacha ngazi, iache. Kondoo hana kioo. Mkasi upite mara moja, ukilalia ngozi, na mkono wa kushoto uivute ngozi iwe imenyooka mbele ya mkasi, maana ngozi ya kondoo ni nyembamba na ina mikunjo. Ukikata, paka dawa ya zambarau uendelee.

Usimlaze na kumshika miguu minne kama wa kuchinjwa, atapigana mpaka kesho. Mkalishe kwenye matako, mgongo wake kwenye magoti yako. Akishakosa pa kukanyaga anatulia kama mtoto anayenyolewa. Asiwe amekula tangu jana yake jioni, na awe mkavu, maana sufu yenye maji ikifungwa inachachuka na kuota ukungu. Anza tumboni na uiweke sufu ya tumbo kando, ni chafu na fupi. Angalia chuchu za jike na uume wa dume, hapo nimeona watu wakilia, si kondoo peke yake.

Kabla ya kufunga, itandaze juu ya shuka uondoe yenye kinyesi ya nyuma na yenye mbegu za kishona nguo shingoni. Halafu chomoa kishungi kimoja, kishike ncha na ncha, kivute ghafla karibu na sikio. Ikisikika kama uzi wa zeze ni nzima. Ikisikika inakatika pwa, kondoo huyo aliugua au alikosa majani mwezi fulani, na palepale ndipo uzi utakapokatika. Kishungi cha kondoo kinakuonyesha njaa yake yote ya mwaka.

Lile gunia la mahindi ni kosa jingine. Linamwaga nyuzi nyuzi za plastiki, zinajificha kwenye sufu, hazioshwi na hazishiki rangi. Tumia gunia la katani au shuka kuukuu ya pamba.

Na ukishanyoa, wiki mbili za kwanza walale ndani. Kondoo mtupu akinyeshewa usiku kwa baridi yenu hafiki asubuhi.

Kuhusu pesa: ukiuza sufu mbichi ya kondoo watano, nauli itakula yote. Chana, sokota, fuma, uza blanketi. Hapo utaongea.

mlima_suam, wiki tatu baadaye

Shikamoo mama. Nimenyoa wawili zaidi. Mkasi wa kondoo, ule wa chuma kimoja kilichopinda kama koleo, shemeji ameniletea. Wa pili nilimaliza kwa dakika arobaini. Kumkalisha kwenye matako ni uchawi, alinitazama tu.

Nimeosha kwa mifuko ya vitunguu. Mama, imetoka nyeupe! Imefumuka mpaka mtoto aliuliza kama ni wingu. Mmoja sauti yake ilikuwa zeze. Mwingine ilikatika pwa, na kweli huyo ndiye aliyeharisha sana mvua za Aprili, hadi mke wangu alisema tumchinje. Nimeshangaa kwamba inaonekana kwenye unyoya.

Ila nimekuta jambo. Kwa yule mdogo, aliyezaliwa hapa kwangu, kuna vinywele vigumu, vyeupe kama chaki, vimesimama katikati ya sufu laini. Vinakwaruza. Nimejaribu kuvitoa kwa mkono nikachoka. Ni ugonjwa?

mwalimu_sheema

Samahani kuingilia. Huku Sheema kuna mradi wa hariri, viwavi wanalishwa majani ya mforosadi, na nikisoma habari ya magamba nacheka kwa sababu hariri haina hayo. Kiwavi anakula kama siku 25 hadi 28, halafu anajizungushia uzi mmoja kwa siku tatu hivi, mrefu kuanzia mita 600 hadi kupita 1,000, ulionatishwa kwa gundi. Inabidi umkaushe au umfukize kwa mvuke kabla hajawa nondo, maana akitoboa ili atoke uzi wote unakatika vipande. Kwa hiyo sisi tunaua na ninyi mnanyoa. Wanafunzi wangu waliniuliza kipi ni cha huruma zaidi, nikawapa zoezi la hesabu.

dada_saluni_mbale

Na ukiichoma hariri, inanuka nywele vilevile. Nimejaribu.

mwalimu_sheema

Kweli dada, zote mbili ni protini.

bibi_wa_pia

Marahaba mwanangu. Si ugonjwa. Baba wa huyo mdogo ni nani?

mlima_suam

Dume langu lilikuwa bado changa. Nadhani ni la jirani, hawa wa kawaida.

bibi_wa_pia

Nadhani! Basi hayo ni manyoya ya baba yake. Kondoo wetu wa mkia mnene wana nywele, hawana sufu, na mtoto anachukua huku na huku. Vinywele hivyo ndani yake ni vitupu kama bua, havipokei rangi. Ukitia rangi ya maganda ya vitunguu, uzi utatoka wa dhahabu wenye mvi. Hata usipotia rangi vitakukwaruza shingoni. Sufu ya huyo itengenezee felti, ujuzi unao tayari, na usiichanganye na ya mama yake.

Hao wengine, chana kwa brashi mbili za waya, nyepesi, unyoya ulale upande mmoja, uviringe kama sigara nono. Kifaa cha kusokotea, yaani pia, chonga mwenyewe: kijiti cha urefu wa mkono mpaka kiwiko, chini kibao cha mviringo. Wiki ya kwanza uzi utakuwa mnene hapa, mwembamba pale, kama nyoka aliyemeza panya. Usiutupe. Ukipata mabonge mawili yasokote pamoja kuelekea upande wa kinyume na ulivyosokota mwanzo, yatashikana na uzi hautajinyonga.

Na zungushia boma, jirani asilete dume lake tena.

mlima_suam

Boma limeanza leo. Mke wangu anauliza kile kiti chake kitafuliwaje, kimemwagikiwa maziwa.

bibi_wa_pia

Maji baridi, akibonyeze kwa viganja. Na amwondoe jikoni yule mwenye mwiko.