Daktari wa meno, nimefungua mdomo, masikio sijayaziba!

Wakuu, habari za humu. Leo natoa povu, na si la dawa ya meno. Asiyependa uzi mrefu apite tu, maana nauandika shavu moja likiwa bado limevimba na sina hamu ya kufupisha chochote.

Gego moja limeshakwenda. La pili liko mahututi. Yote mawili yalipita mikononi mwa wataalamu kabla ya kufika hapo, na kinachonichoma si kwamba walishindwa kuyatibu. Kinachonichoma ni kwamba hakuna aliyenieleza chochote. Unalazwa kwenye kile kiti, unamulikwa taa ya macho, unaambiwa "fungua", "panua zaidi", "tema", kisha "tayari, nenda". Maneno manne hayo ndiyo elimu yote ya afya ya kinywa niliyopewa kwa miaka chungu nzima.

Nianze na marehemu, gego la chini kushoto. Lilianza kwa kushtuka nikinywa maji baridi, likishtuka linatulia. Nikapuuza, hilo ni langu, nalikubali. Baadaye likaanza kuuma kwa vitu vya moto, na likiuma haliachi hata dakika kumi. Mwisho likawa linaniamsha usiku lenyewe, sijala wala sijanywa. Leo najua kwamba safari hiyo ina maana yake: jino linaloshtuka na kutulia mara nyingi bado linaokoleka kwa kuzibwa tu, lakini likishafika kuuma lenyewe usiku, kiini chake chenye mishipa na neva kimeshaharibika na kuziba juu juu hakutoshi. Leo najua. Siku ile nilienda nikitaka maumivu yaishe tu.

Daktari akatoboa, akapakia kitu cheupe laini kama uji mzito, mdomo mzima ukanuka karafuu. "Usitafunie upande huo leo." Nikalipa, nikatoka. Maumivu yakakata kabisa! Nilimsifia yule daktari kwa kila aliyenisikiliza wiki ile, mpaka naona aibu.

Kumbe kile kilikuwa kijazio cha muda. Wakuu, CHA MUDA. Ni unga wa zinki uliokandwa na kiini cha mafuta ya karafuu, kazi yake ni kutuliza na kufunika tundu kwa siku au wiki kadhaa hadi urudi kumaliziwa. Mimi nilikaa nacho miezi minne nikijua nimepona. Siku kikapasuka nikitafuna, nikatema vipande, nikaupitisha ulimi kwenye shimo, sikusikia maumivu yoyote, nikasema afadhali. Sikusikia maumivu kwa sababu neva ilikuwa imeshakufa! Jino lilikuwa linaoza kimya kimya kuelekea mfupani, na mimi nafurahia ukimya.

Sasa niambieni, "hiki ni cha muda, rudi baada ya wiki mbili" inachukua sekunde ngapi kutamka?

Asubuhi moja nikaamka shavu limekuwa kama nimebugia ndimu zima. Nikakimbilia sehemu nyingine. Nikaandikiwa antibiotiki, uvimbe ukashuka, nikatulia. Baada ya mwezi ukarudi. Antibiotiki tena. Ukarudi tena. Mara tatu nimepewa dawa zilezile na hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita, kwa hiyo dawa haifiki kwenye chimbuko la usaha. Inapunguza moto wa nje, mkaa wa ndani unabaki unawaka. Kinachomaliza tatizo ni kufungua jino na kusafisha mizizi yake, au kuling'oa. Basi. Na mimi nilimeza vidonge kama karanga nikidhani natibiwa.

Mwisho nikaambiwa ling'olewe. Sikuulizwa kama nataka kujaribu kusafishwa mizizi. Sikuambiwa hata kwamba kuna kitu kama hicho. Nikachomwa ganzi, haikushika. Nikachomwa tena, bado nasikia kila kitu. Nikainua mkono, nikaambiwa "acha woga, mtu mzima wewe". Wakuu, nilikuja kujua baadaye kwamba sehemu yenye usaha na uvimbe inakuwa na asidi nyingi, na ganzi kwenye asidi haifanyi kazi vizuri. Jambo linajulikana, linafundishwa, lina njia zake za kulikabili, ikiwemo kuchoma ganzi mbali kidogo na uvimbe. Haikuwa woga. Lakini niliitwa mwoga mbele ya watu wawili, machozi yakinitiririka hadi masikioni kwa sababu nimelala chali.

Jino likatoka. Pamba ikawekwa. "Ng'ata, nenda."

Nenda wapi na nifanye nini? Hakuna. Nyumbani, jirani mwenye roho nzuri akaniambia nisukutue kwa maji ya chumvi, yanakausha. Nikasukutua usiku uleule, tena kwa nguvu, nikayazungusha mashavuni na kutema kwa kishindo kama nafukuza mdudu. Nikatema na bonge la damu iliyoganda, nikaona nimejisafisha vizuri sana.

Siku ya tatu ndipo nilipoyajua maumivu. Yale ya jino yalikuwa mchezo. Haya yalianzia kwenye shimo, yakapanda sikioni, yakaenda kwenye panda la uso, na mdomo ukatoa harufu ambayo mimi mwenyewe nilishindwa kuivumilia. Nikarudi. Mazungumzo yetu yalikuwa haya, neno kwa neno:

"Nani alikwambia usukutue siku ya kwanza?"

"Nani aliniambia nisisukutue?"

Akanyamaza. Akavaa glavu mpya.

Ile damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha mfupa. Ikitoka mapema, mfupa unabaki wazi na neva zake, kitu wanachokiita tundu kavu. Ng'ata pamba nusu saa. Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme teme, usinywe kwa mrija, usivute sigara. Kuanzia siku ya pili ndiyo maji ya chumvi ya uvuguvugu, taratibu, unayaachia yadondoke yenyewe. Nimeyaandika hapa kwa mistari mitatu. Mistari mitatu hiyo ingeniokolea usiku nne wa kutembea chumbani nikiwa nimeshika taya.

Najua mnakuja kusema madaktari wana foleni, wamechoka, wagonjwa wengi. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, kwa hiyo foleni naielewa. Chapisheni basi kikaratasi! Mgonjwa aondoke nacho mfukoni. Mdomo wenye pamba hauwezi kuuliza maswali, na mgonjwa aliyetoka kung'olewa jino hata akiambiwa hakumbuki nusu. Karatasi haichoki.

Sasa nije kwenye lililoniumiza kuliko yote, maana ni la kila siku.

Mwaka huu, kwenye kliniki ya tatu, daktari alichelewa. Binti mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo, kazi yake kupanga vifaa, akanikuta nimekaa akaniuliza, "Kaka, fizi zinatoka damu ukipiga mswaki?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana sehemu hizo siku hizi naziruka. Akacheka kidogo, si kwa dharau. Akanipaka rangi ya waridi kwenye meno, akaniambia nisukutue, akanipa kioo kidogo mkononi.

Wakuu, nilikuwa nimepiga mswaki asubuhi ile na nikajiona msafi. Kwenye kioo, kila jino lilikuwa na ukingo wa waridi pale linapokutana na ufizi, kama mtu amechora kwa kalamu. Nyuma ya meno ya chini ya mbele kulikuwa waridi tupu. "Hiyo yote ni ukoga," akasema. "Ni bakteria. Brashi yako haifiki hapo." Nilikuwa napiga mswaki kama naparura sufuria, kulia kushoto, brashi ngumu kupita zote, nikiamini ngumu ndiyo inayosafisha. Akanionyesha kwa kidole: brashi laini, uilaze pembeni, nywele zielekee mpaka wa jino na ufizi, kisha mizunguko midogo isiyo na nguvu, meno mawili matatu kwa wakati, dakika mbili zima. Na zile sehemu zinazotoka damu ndizo zinazohitaji mswaki kuliko nyingine. Damu inatoka kwa sababu ukoga umekaa hapo na ufizi umewaka. Mimi kuziruka nilikuwa naulinda ugonjwa wangu!

Halafu akasema neno lililonifanya nione nimeishi bure. "Ukimaliza tema tu, usisukutue." Kumbe floraidi iliyomo kwenye dawa inatakiwa ibaki kwenye meno iyakaze. Maisha yangu yote nimekuwa nikisukutua vikombe viwili, navimimina na dawa yote kwenye sinki. Usiku hasa, maana ukilala mate yanapungua na mate ndiyo mlinzi wa kinywa. Geuzeni boksi la dawa yenu muangalie: mtu mzima anahitaji yenye floraidi ppm (sehemu kwa kila milioni) 1,000 hadi 1,500 hivi. Imeandikwa kwa herufi za sisimizi lakini ipo.

Somo zima halikufika dakika tano. Binti wa mafunzo, dakika tano. Mabingwa watatu, miaka yote ile, "fungua" na "tema". Hata hiyo "tema" hawakusema usisukutue!

Kusafishwa meno pia kuna kesi yake. Niliwahi kukwanguliwa ugaga miaka ya nyuma. Nikatoka ulimi unapita kwenye mianya ambayo sikuwahi kuwa nayo, meno yanashtuka kwa hewa tu. Nikajua wameniharibia, nikawa naeneza hadithi kwamba kukwangua kunalegeza meno. Nisameheni niliowadanganya. Mianya ilikuwepo siku zote, ilikuwa imejazwa ugaga, ule ukoga uliokaa hadi ukawa jiwe ambalo mswaki hauwezi kulitoa. Kushtuka kunakwisha baada ya siku chache. Kinacholegeza meno ni ugaga wenyewe, ukiuacha ufizi unarudi nyuma na mfupa unaliwa. Lakini kwa kuwa hakuna aliyenitahadharisha, sikurudi kusafishwa tena, na nadhani ndiko gego la pili lilikopata mwanya. Sina hakika kama lingepona, hasira haiwezi kunifanya nijue hilo.

NYONGEZA: Naona mmeanza kuleta tiba zenu. Mkuu wa mkaa na limao, tafadhali. Limao ni asidi, mkaa ni msasa. Unalainisha gamba la jino kisha unalisugua. Lile gamba la nje ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini lakini likiisha halioti tena. Meno yatang'aa wiki mbili, kisha utaanza kuona manjano ya tabaka la ndani, utasugua zaidi. Na aliyeshauri kubandika aspirini kwenye ufizi: inaunguza nyama. Meza, usibandike.

Aliyeandika kwamba ana uvimbe chini ya taya, homa, na anameza kwa shida: mkuu funga simu nenda hospitali SASA HIVI. Uvimbe wa aina hiyo unaweza kuziba njia ya hewa. Usisubiri majibu ya humu.

Anayeniuliza uzi wa kusafishia meno ni lazima: mswaki haupiti kati ya jino na jino, na gego langu la pili limetobokea hapohapo katikati, pasipoonekana hadi lilipopigwa picha ya eksirei. Jijibu mwenyewe.

Hilo la pili wameanza kulisafisha mizizi wiki iliyopita. Kwa kweli haikuuma kama nilivyotishwa, ganzi ilishika. Alipomaliza, harufu ya karafuu ikajaa mdomoni tena. Nikamshika daktari mkono kabla hajavua barakoa, nikasema kwa mdomo uliokufa nusu, "Hiki ni cha muda?" Akasema ndiyo, wiki mbili, usipitishe, kisha kuna kijazio cha kudumu na kofia juu yake, kwa sababu gego lililosafishwa mizizi linapasuka kirahisi. Kwa hiyo anajua kuongea! Alikuwa anasubiri kuulizwa!

Narudi Jumanne. Maswali nimeshayaandika kwenye kiganja kwa kalamu, nitamuinulia mkono ayasome nikiwa nimefungua mdomo.