Lussekatter zangu zinakauka, nifanyeje?

Mama Elin, Minneapolis
Habari zenu. Mababu wa mume wangu walitoka Småland, Uswidi. Kila tarehe 13 Desemba, siku ya Mtakatifu Lucia, binti yetu huvaa gauni jeupe na mkanda mwekundu, akampelekea bibi yake kahawa na lussekatter, yale maandazi ya zafarani yaliyokunjwa kama herufi S, na zabibu kavu katikati ya kila mviringo. Mwaka jana nilioka mimi. Rangi ilipendeza, lakini kufika mchana yalikuwa magumu kama ubao. Mama mkwe alikula kimya, roho ikaniuma. Nakosea wapi?

Mpishi wa Göteborg
Pole dada. Yanakaa ovenini mno. Moto uwe mkali, nyuzi 225 za Selsiasi, dakika 6 hadi 8 basi. Na unga usizidishe. Donge linate kidogo vidoleni. Wengi huku Uswidi huongeza kvarg, jibini laini jeupe, ili yabaki laini. Zafarani itwange na sukari kidogo, uiloweke kwenye maziwa ya uvuguvugu.

Mama Elin
Kvarg siipati dukani kwetu. Mtindi mzito je?

Mpishi wa Göteborg
Unafaa kabisa, uchuje maji kwanza. Yakipoa tu, yafunge uyagandishe. Asubuhi ya Lucia unayapasha.

Mwana wa Mombasa, Chicago
Jaribu na kardemummabullar, maandazi ya Kiswidi ya iliki, dada. Iliki iponde mwenyewe, ibaki na chenga. Nilipozioka mara ya kwanza, nyumba nzima ilinukia mahamri ya mama. Wakwe zangu wakaniambia inanukia kwa bibi yao.