Tupeane uzoefu: Mnaolala kwenye gari na umeme wa betri moja, mnajipangaje?

Wakuu, habari za jioni. Nauza mitumba minadani, kuanzia Kisesa na Magu mpaka Sengerema. Hiace yangu ndiyo duka, ndiyo chumba. Nyuma nina betri ya maji ya volti 12, saizi ya N100, paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa, na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani.

Mwezi wa kwanza nilijiona niko hotelini. Nikachomeka birika la umeme la wati 1,500. Inveta ikalia tiii, giza. Fundi mmoja akanipigia hesabu kwenye kipande cha boksi: 1,500 gawa kwa volti 12 ni ampea 125, bado hujahesabu kinachopotelea kwenye inveta. Betri nzima ni ampea-saa 100, yaani kwa mzigo huo hata saa moja haifiki, na ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Alicheka mpaka nikaona haya.

Tangu siku ile chai ni ya gesi. Betri ni ya taa, simu na feni ndogo. Kabla ya kulala nazima vyote, nasubiri kidogo, napima volti za betri: ikisoma 12.6 feni inazunguka, ikifika 12.2 feni inapumzika, nabaki na chandarua.

Kinachonishinda ni kivuli. Nikiegesha chini ya mwembe nalala raha ila paneli haichaji. Nikiegesha juani inachaji, naiva mimi. Nyie mnafanyaje?

Dereva wa Fuso
Enzi za foleni ya kivuko Kigongo, kabla daraja halijafunguliwa 2025, redio ndiyo ilikuwa mke wangu. Fuso ni volti 24, betri mbili zimeungwa. Mimi kwa ujanja nikavuta waya wa redio na chaji kwenye betri moja tu nipate 12. Miezi michache ile moja ikawa inachoka, mwenzake anajazwa kupita kiasi, zote mbili zikafa. Kusukuma Fuso yenye mzigo si mchezo, ndugu zangu. Wekeni kile kifaa cha kushusha 24 kuwa 12. Na betri ya kustatia isiguswe na starehe.

Mvuvi Ukerewe
Sisi gari letu ni mtumbwi. Dagaa tunawafuata usiku wa giza, mwezi ukiwaka taa hazina kazi. Karabai tumeziacha, sasa ni taa za betri. Kuna usiku vijana walifungulia muziki kwenye betri ya akiba tangu saa mbili. Saa tisa taa moja ikafifia, kwenda kwenye akiba, imekauka. Dagaa wameshajikusanya chini ya taa, tunawaona wanavyosambaa. Hakuna aliyeongea mpaka tunafika mwaloni. Siku hizi betri ya akiba naikalia mwenyewe.

Mama Juisi
Mimi friji ya kwenye gari niliiuza. Usiku wa joto haizimi, inaguguna betri tu. Nanunua barafu Kirumba, naweka kwenye boksi la kupozea, nafunika gunia lenye unyevu. Kesho yake mchana juisi bado baridi.

Kijana wa sola
Mkuu wa Hiace, inveta unaizima? Ikiwa imewashwa tu, bila kitu, inakula. Simu chajia kwa chaja ya gari, moja kwa moja kwenye volti 12 za betri. Na paneli ishushe: gari kivulini, paneli juani, waya mnene, mwembamba unakula volti njiani. Tawi moja tu likiifunika, chaji inaanguka vibaya, usidhani utapoteza kidogo.

Mwenye uzi
Asanteni. Leo Magu nimevuta waya wa mita kumi, gari chini ya mti. Mpaka saa sita mambo safi. Saa nane nacheki, chaji imekata. Kwenda kuangalia, mteja ametandika suruali tatu juu ya paneli anachagua. Nikamwacha, alinunua mbili.